Mlima Ule Una Mwenyewe: Milango Myekundu ya Inari Inasema Nini

Picha yenyewe unaijua hata kama jina lake hulijui. Njia nyembamba inapanda mlimani katikati ya miti, na juu yake milango myekundu imesimama mmoja nyuma ya mwingine, imebanana kiasi kwamba jua linapenya kwa mistari tu. Juzi picha hiyo ilizunguka tena kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu, na haikupita nusu saa kundi likawa limegawanyika. Binamu yangu mmoja akasema ni hekalu la Wabuddha. Mwingine akasema hapana, hapo ndipo Wajapani wanapoabudu mbweha, akatuma na ushahidi: sanamu ya mbweha aliyefungwa kitambaa chekundu shingoni, macho makali, ufunguo mdomoni. Mjomba akarekodi sauti ya dakika nne ambayo sidhani kama kuna aliyeisikiliza mpaka mwisho. Aliyeuliza la maana ni shangazi: "Sasa mtu akienda pale kutembea tu, ameshafanya ibada?"

Swali la shangazi linajibika, ila si kwa neno moja. Kuna mafundo ya kufungua kwanza, na la kwanza liko kwenye Kiswahili chetu wenyewe.

Mahali penyewe panaitwa Fushimi Inari Taisha, kusini mwa jiji la Kyoto, Japani. Majengo makubwa yako chini, na nyuma yake unapanda Mlima Inari, wenye kimo cha mita 233. Najua, mtu wa Moshi atacheka. Huko kwake hilo ni tuta la kulimia viazi. Lakini mlima huu haukupewa heshima yake kwa urefu.

Hekalu lipi?

Neno "hekalu" tunalitumia kwa karibu kila jengo la ibada lisilo kanisa wala msikiti: hekalu la Suleimani, hekalu la Wahindu, hekalu la Wabuddha. Wajapani wana maneno mawili, na kwao kuyachanganya ni kama kwetu mtu kuita msikiti kanisa. *Tera* ni mahali pa Wabuddha: kuna sanamu za Buddha, kuna watawa, mara nyingi kuna makaburi na harufu ya ubani. *Jinja* ni mahali pa Shinto, dini ya jadi ya Wajapani, na alama yake ni ule mlango wa nguzo mbili na boriti mbili za juu, usio na ubao wala bawaba, uitwao *torii*. Ukiona torii, kwa kawaida uko kwenye jinja. Fushimi Inari ni jinja. Kwa hiyo binamu wa kwanza amekosa.

Nitaendelea kusema jinja, maana kila neno letu lililo karibu limebeba mzigo wake. Hekalu lina harufu ya Biblia, madhabahu ni ya padri, na nikisema "mzimu" nusu ya wasomaji watafunga ukurasa. Ingawa, nikisema kweli, mzimu kwa maana ya kale ya pwani ndilo neno lililo karibu zaidi. Kwa wazee, mzimu haukuwa roho ya maiti peke yake. Ulikuwa pia mahali: pango, mbuyu, jabali ambapo watu walipeleka nadhiri zao. Kaya za Wamijikenda, zilizoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, zinakupa picha hiyo hiyo: kilicho kitakatifu ni msitu wenyewe, hauhitaji kujengewa paa ndipo uheshimiwe.

Sasa Shinto ni nini? Tafsiri ya neno ni "njia ya *kami*". Haina mwanzilishi, haina nabii, haina kitabu kimoja cha sheria. Kuna maandiko ya kale, Kojiki ya mwaka 712 na Nihon Shoki ya mwaka 720, lakini hayo ni masimulizi ya kami na nasaba ya wafalme. Humkuti mtu akiyafungua ili ajue leo ale nini na asile nini. Hakuna ubatizo wala shahada ya kuingia, ndiyo maana hesabu za serikali ya Japani za waumini wa dini zote ukizijumlisha zinazidi idadi ya wananchi wote. Mtu yule yule anahesabiwa kwenye jinja alikopelekwa mchanga na kwenye tera ambako familia yake huzikia.

Kami ndilo fundo gumu. Ukitafsiri "Mungu" umepotea, maana kami si muumba mmoja wa vyote. Ukitafsiri "shetani" au "pepo" umepotea zaidi. Kami anaweza kuwa wa mlima, wa maporomoko ya maji, wa ngurumo, au akawa mtu aliyewahi kuishi. Sugawara no Michizane, msomi na mtumishi wa serikali aliyefia uhamishoni mwaka 903, leo ni kami wa elimu, na wanafunzi humiminika kwenye jinja zake msimu wa mitihani. Orodha ya kami haina mwisho na hakuna anayejaribu kuifunga.

Lakini Kiswahili kina namna yake ya kulisema jambo hili, na sijui kwa nini hatuitumii. Mzee akikupitisha kwenye kichaka fulani au kwenye mkondo fulani wa bahari, hukwambia: "Hapa pana wenyewe." Haelezi ni akina nani. Anachotaka ujue ni kwamba umeingia kwa watu, basi nyamaza, usikojoe hovyo, usichume usichopewa. Kami ni yule mwenyewe. Na torii, ule mlango usio na mlango, ndipo pa kupigia hodi.

Mpunga, mchele, wali

Mwenyewe wa mlima huu ni Inari, na kazi yake ya asili ni mpunga. Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati ambayo wengi hawana. Lugha nyingi za Ulaya zina neno moja tu, liwe shambani au sahanini. Sisi tuna mpunga, mchele na wali, na Wajapani vile vile wana *ine*, *kome* na *gohan*. Tunajua bila kuelezwa kwamba mtu hali mpunga wala halimi wali.

Masimulizi ya kale yanasema hivi. Katika eneo hili palikaa ukoo wa Hata, watu wenye asili ya uhamiaji kutoka bara la Asia, ng'ambo ya bahari. Tajiri mmoja wa ukoo huo, Hata no Irogu, alikuwa na mpunga mwingi mpaka akaanza kuuchezea: alichukua donge la mochi, yaani wali wa kunata uliotwangwa ukashikana, akaliweka kama shabaha ya mishale. Bibi zetu wangesema hiyo ni kufuru. Donge likageuka ndege mweupe, likaruka hadi kilele cha mlima, na pale ndege alipotua mpunga ukaota. *Ine nari*, mpunga umeota, ikafupika kuwa Inari. Mwaka unaotajwa kuwa ndio kami aliposhukia mlima huu ni 711. Wazee huenda walitia chumvi, lakini sikukuu ya kukumbuka siku hiyo bado hufanyika kila Februari, siku ya kwanza ya Farasi kwa kalenda ya wanyama kumi na wawili, na wanaokuja huondoka na kitawi cha mwerezi wa Kijapani.

Sasa, kami wa mpunga amekuwaje kami wa wafanyabiashara? Hapa ndipo wengi wanaona mkanganyo, na kumbe hamna. Japani ya zamani utajiri ulihesabiwa kwa mchele. Kipimo chake kiliitwa *koku*, takriban mchele wa kumlisha mtu mzima mmoja kwa mwaka. Ukubwa wa himaya ya bwana ulitajwa kwa koku, na mashujaa wake walilipwa kwa mchele. Anayelinda mpunga analinda mshahara. Miji ilipokua na biashara ikashamiri, mchuuzi akaenda kwa kami yule yule wa mkulima, naye hakufukuzwa.

Ukitaka kuona mapatano ya namna hiyo kwa karibu, simama mbele ya lango kubwa la ghorofa lililo baada ya torii ya kwanza. Mwaka 1588 mama yake Toyotomi Hideyoshi, mtawala aliyekuwa ameiweka karibu Japani yote mkononi mwake, aliugua sana. Hideyoshi akaandika ombi kwa Inari. Aliomba mama aongezewe miaka mitatu. Kama haiwezekani, basi miwili. Kama hata hiyo haiwezekani kabisa, basi japo siku thelathini. Akaahidi koku 10,000. Mama alipona, akaishi hadi 1592, na lango likasimama mwaka 1589. Sijui kama kuna barua nyingine ya mtu mwenye nguvu kiasi kile inayoshuka bei namna ile, kutoka miaka mitatu hadi mwezi mmoja, kama mtoto anayemwomba baba nauli.

Leo Japani ina sehemu za Inari zipatazo 30,000, kuanzia jinja zenye majengo makubwa hadi vijisanduku vyekundu juu ya paa za maduka ya Tokyo. Fushimi ndio shina. Kami kuwa na matawi si kumgawa vipande: wao huona ni kama kuwasha koroboi kwa koroboi, ya pili inawaka na ya kwanza haijapungua.

Milango ni stakabadhi

Turudi kwenye picha iliyozua ubishi. Milango ile haikujengwa na jinja kama pambo la utalii. Kila mmoja umelipiwa na mtu, familia au kampuni, ama kuomba ama kushukuru, na desturi hiyo ilishika kasi zama za Edo, kati ya 1603 na 1868. Neno la Kijapani la kupita, *tōru*, lina maana ile ile ya pili tuliyo nayo sisi. Kwetu bajeti hupita, hoja hupita, mkopo hupita. Kwao ombi hupita. Basi anayetaka jambo lake lipite, au ambaye limeshapita, anasimamisha kitu cha kupitia.

Sehemu maarufu inaitwa Senbon Torii, "torii elfu moja", na hapo watu huanza kuhesabu. Msihesabu. "Elfu" pale maana yake ni "mingi mno", kama mtu wa pwani akisema watu elfu walijaa harusini. Milango ya sehemu ile ni pungufu ya elfu, na ya mlima mzima hukadiriwa kuwa kama elfu kumi. Idadi haitulii kwa sababu milango ni ya mbao. Kyoto ni mji wa mvua na unyevu, na nguzo inaanza kuoza pale inapoingia ardhini. Baada ya miaka kadhaa torii inaondolewa, na nafasi yake inapata mwenye zamu. Ile inayoonekana ya kale kama mlima, pengine ina umri wa mtoto wa shule ya msingi.

Rangi nayo ina kazi. Ni nyekundu inayoelekea kwenye chungwa, na zamani ilitengenezwa kwa madini yenye zebaki, ambayo huzuia mbao kuoza. Waumini wanaongeza kwamba rangi hiyo hufukuza mabaya. Sioni haja ya kuchagua moja kati ya sababu hizo mbili.

Ukiwa unapanda huoni maandishi mengi. Geuka nyuma. Upande unaomkabili anayeshuka, kila mlango umechongwa maandishi meusi: nguzo moja ina jina la aliyetoa, nyingine ina tarehe. Kampuni ya ujenzi, duka la samaki, daktari wa meno, mtu binafsi. Ndivyo kwetu majina yanavyoandikwa nyuma ya mabenchi ya kanisa au kwenye jiwe la kisima cha msikiti, tena mwenye kutoa kikubwa anataka lionekane vizuri. Bei hufuata ukubwa na mahali: mlango mdogo ni laki kadhaa za yen, mkubwa unavuka milioni. Asiye na fedha hizo ananunua kitorii cha mkononi, anaandika jina lake, anakitundika. Vinaning'inia kwa mamia juu ya mafungu ya mawe huko mlimani, kama funguo kwenye meza ya fundi.

Mbweha ni tarishi

Sasa binamu wa pili. Mbweha wa Inari ni mjumbe, haabudiwi. Hapa pia Kiswahili kinatusumbua kidogo, maana "mbweha" wetu mara nyingi ni yule bweha wa mbugani anayesubiri mabaki ya simba. Huyu wa Japani ni mnyama wa manyoya ya rangi ya kutu, mkia mnene, anayeishi kando ya mashamba na kula panya. Panya ndio adui wa mpunga. Si ajabu mkulima alimwona kuwa yuko upande wake. Wa kwenye jinja ni mweupe na, kwa imani yao, haonekani kwa macho, ndiyo maana anatengenezewa sanamu.

Angalia midomoni mwao. Mmoja ameshika ufunguo, ambao ni wa ghala la mpunga. Mwingine ana shuke la mpunga, mwingine gombo la maandishi, mwingine kito cha mviringo. Hivyo ni vitu vya ofisi. Ukiingia kwa mkuu wa wilaya ukamkuta karani ameshika funguo na faili, hutasema watu wa wilaya ile wanamwabudu karani. Ila utamsalimia vizuri, maana bila yeye faili halifiki. Vitambaa vyekundu shingoni ni zawadi za waumini.

Kwa haki, nimwongezee binamu kitu. Katika ngano za Kijapani mbweha ana sifa nyingine kabisa: ni mjanja kama Sungura wetu, hujigeuza mwanamke mzuri, humwingia mtu kichwani. Watu wa kawaida kwa karne nyingi wamechanganya mbweha wa ngano na mbweha wa Inari, kwa hiyo hata Wajapani wapo wanaosema "Inari ni mbweha". Jinja yenyewe hurekebisha kosa hilo bila kuchoka, na bado linarudi.

Wanasema pia mbweha anapenda tofu (jibini la soya) iliyokaangwa. Ndiyo asili ya jina la *inari-zushi*, wali wenye siki uliojazwa ndani ya kimfuko cha tofu ya kukaanga. Unauzwa kwenye vibanda vya chini ya mlima. Jirani yake huenda ukakuta shomoro wa kuchoma kwenye kijiti, kichwa na yote. Sababu ni ile ile ya panya: shomoro anakula mpunga.

Na kama ungependa fundo lisilofunguka vizuri, hili hapa. Kwa zaidi ya miaka elfu Shinto na Ubuddha viliishi nyumba moja Japani, na Inari naye aliingia kwenye tera akiwa na sura ya mungu wa Kibuddha aliyepanda mbweha mweupe. Mwaka 1868 serikali mpya ya Meiji iliamuru dini hizo zitenganishwe, na vitu vya Kibuddha vikatolewa kwenye jinja. Lakini hadi leo Toyokawa Inari, katika mkoa wa Aichi, ni tera ya Wabuddha, na ina torii mlangoni. Kwa hiyo ile kanuni yangu ya haraka ya torii ina tundu lake. Samahani kwa binamu wa kwanza.

Kupanda kwenyewe

Kituo cha treni cha Inari kiko mkabala na torii kubwa ya kwanza, na ni kituo cha pili tu kutoka Kyoto kwa treni ya kawaida ya shirika la reli la JR, njia ya Nara. Kiingilio hakuna. Geti la kufungwa usiku hakuna. Ukifika saa nne asubuhi utatembea mgongo kwa tumbo na watu wanaopiga picha. Ukifika alfajiri utakuwa wewe na kunguru. Siku tatu za mwanzo wa mwaka epuka kabisa kama hupendi msongamano, maana huja watu zaidi ya milioni mbili.

Jengo kuu lililo nyuma ya lango la Hideyoshi ni la mwaka 1499. La kabla yake liliteketea mwaka 1468, katika vita vya Ōnin vilivyoigeuza Kyoto majivu. Nyuma ya hapo unaingia Senbon Torii, na baada ya dakika chache unatokea kwenye kiwanja kidogo cha kuusujudia mlima kwa mbali. Kuna taa mbili za mawe zenye vichwa vya mviringo. Unaweka ombi lako moyoni, unakadiria uzito wa kile kichwa cha jiwe, kisha unakinyanyua. Kikiwa chepesi kuliko ulivyodhani, ombi litapita. Kikiwa kizito, kazi ipo. Wajanja hujiandaa kwa kudhani ni kizito mno.

Wageni wengi hugeuzia hapo. Wamepata picha, wanarudi kula. Huo ndio mwanzo wa mlima. Ngazi zinaendelea, milango inaanza kupata nafasi kati yake, watu wanapungua, na vibao vya kutahadharisha nguruwe mwitu vinatokea. Baada ya nusu saa au zaidi kidogo unafika Yotsutsuji, njia panda ambapo Kyoto ya kusini yote inajifungua chini yako. Kuna mabenchi na banda la chai. Soda ya mashine hupanda bei kadiri ngazi zinavyopanda.

Kutoka hapo njia inazunguka vilele vitatu na kurudi pale pale. Mzunguko mzima kutoka chini ni kama kilomita nne, saa mbili hivi kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Na kileleni, mita 233, hakuna mandhari. Miti imeziba. Hakuna jengo la fahari pia. Kuna ngazi fupi, jiwe lenye jina, mishumaa, mbweha wadogo, vitorii. Nimeona watu mtandaoni wakilalamika kwamba "juu hakuna kitu".

Kitu kipo. Zamani juu mlimani kulikuwa na majengo ya ibada. Yaliungua katika vita vile vya 1468 na hayakujengwa tena. Mahali pake pakabaki patakatifu bila nyumba. Kisha, hasa baada ya 1868, watu wa kawaida wakaanza kupandisha mawe yao: kila jiwe limechongwa jina ambalo familia au kikundi fulani humwita kami wake. Huitwa *otsuka*, na leo ni maelfu kwa maelfu, yamepangana mpaka kando ya njia, mengine yameota kuvu la kijani, mengine yana maua ya asubuhi ile. Chini ni kwa makuhani na watalii. Huku juu ni kwa watu wenye shida zao. Utamkuta mama mzee ameshika mfuko wa nailoni, anapanga vijiti vya mishumaa na tofu mbele ya jiwe moja kati ya mia, bila kubabaika ni lipi.

Si milima yote ya kami inayomkaribisha mgeni hivi. Kwenye Mlima Miwa, katika mkoa wa Nara, mlima wenyewe ndio unaohesabiwa kuwa mwili wa kami, na jinja ya Ōmiwa haina jengo kuu la kumweka ndani. Ukiruhusiwa kupanda unajiandikisha, unavaa utepe mweupe shingoni, hupigi picha, huli. Inari amechagua ukarimu, au watu wake wamemchagulia.

Jibu la shangazi

Kutembea pale si ibada, wala hakuna atakayekuuliza dini yako. Kuinama kidogo kwenye torii ni salamu. Japani watu huinamiana hata kwenye simu. Kupita pembeni mwa njia na kuacha katikati ni adabu tu, kwa kuwa katikati huachiwa mwenyewe. Kunawa mikono kwenye birika la mawe, kushoto kisha kulia, halafu kusukutua mdomo, ni kujitakasa, na hapo kila mtu apime na imani yake, ingawa aliyewahi kutawadha ataona umbo lake halimshangazi. Lakini kusimama mbele ya jengo kuu, kutupa sarafu sandukuni, kuinama mara mbili, kupiga makofi mawili, kuomba, na kuinama tena, hiyo ni sala. Mkristo au Mwislamu anayeona sala ni ya Mungu wake peke yake atasimama kando na kutazama, na hakuna atakayemwona mkorofi. Ukorofi ni kupanda juu ya msingi wa nguzo ili upate picha nzuri.

Mjomba, kwenye zile dakika nne zake (ndiyo, hatimaye nilizisikiliza), alitaja habari za China na Korea Kusini kukasirika kila kiongozi wa Japani anapozuru "hekalu la Shinto". Hapo anachanganya vitu viwili. Ile inayoleta zogo ni Yasukuni, jinja ya Tokyo iliyoanzishwa 1869 kwa ajili ya waliokufa wakiipigania dola, ambako mwaka 1978 waliongezwa viongozi 14 walioshtakiwa kama wahalifu wakuu wa kivita. Ni kweli kwamba kuanzia zama za Meiji hadi 1945 serikali ilizifanya jinja kuwa mkono wake. Baada ya vita zikatenganishwa na dola, na Fushimi Inari leo ni taasisi ya dini inayojitegemea, hata chini ya umoja mkuu wa jinja za nchi haimo. Ghadhabu ya Yasukuni haina njia ya kupanda mlima huu.

Ukishuka, pita upande wa pili wa Senbon Torii. Sasa maandishi yote yanakutazama: jina, tarehe, jina, tarehe, mengi yakianza na Reiwa, zama zilizoanza 2019. Kila baada ya hatua kadhaa utaona nguzo iliyoliwa chini, rangi imebanduka, mbao imegeuka unga ukiigusa, na jina bado linasomeka juu. Mahali pengine mlango umeshaondolewa, na mstari mwekundu una pengo moja ambalo bado halijapata mtu.